Aliyebuni Bendera Akakamatwa Kikaoni: Maisha ya Kisiasa ya Grace Ibingira

Kila asubuhi, katika kambi ya jeshi ya Mbarara na katika vituo vya polisi vya Isingiro, wilaya yenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, askari husimama wima na kuipigia saluti bendera ya taifa. Milia yake ni sita: mweusi, wa manjano na mwekundu, kisha rangi hizo hizo kwa mara ya pili, na katikati yumo korongo. Wengi wanaoipigia saluti hawajui kwamba aliyeibuni alikuwa mbunge kutoka Ankole, Bwana Grace Ibingira, aliyekuwa Waziri wa Sheria wakati Uganda ilipopata uhuru. Wachache zaidi wanajua kwamba kabla ya kutimia miaka minne tangu bendera hiyo ipandishwe tarehe 9 Oktoba, 1962, mtu huyo huyo alikamatwa na askari wenye silaha akiwa ameketi katika kikao cha Baraza la Mawaziri.

Ndugu wasikilizaji, kisa hiki kinawahusu wanajeshi na polisi kuliko watu wengine, maana mikono iliyotumika ilikuwa ya askari, na hasara iliyofuata iliwaangukia askari pia.

Ibingira alizaliwa mwaka 1932. Alisomea sheria Uingereza, akarejea nyumbani wakati vyama vya siasa vinachipuka, akajiunga na chama cha UPC cha Bwana Milton Obote. Alikuwa miongoni mwa watu waliosuka ushirikiano kati ya UPC na Kabaka Yekka, chama cha watetezi wa ufalme wa Buganda. Ushirikiano huo ulikiangusha chama cha DP katika uchaguzi wa mwaka 1962, nao ukamfikisha Obote kwenye uwaziri mkuu. Ilikuwa ndoa ya haja tu, na kila upande ulilifahamu hilo. Lakini kwa mwanasheria kijana wa miaka thelathini, ilikuwa ni kazi ya mtu anayejua kuhesabu kura.

Mwaka 1964, katika mkutano mkuu wa UPC uliofanyika Gulu, Ibingira aligombea ukatibu mkuu wa chama dhidi ya Bwana John Kakonge, kiongozi wa mrengo wa kushoto, akamshinda. Tangu siku hiyo hakuwa tena waziri miongoni mwa mawaziri. Alikuwa na chama mkononi, na watu wakaanza kumtazama kama mtu awezaye siku moja kukalia kiti cha Obote mwenyewe.

Mwaka huo huo jambo jingine lilikuwa limekwisha kutokea, ambalo askari wanapaswa kulikumbuka. Mwezi wa Januari, wanajeshi wa Jinja waliasi wakidai nyongeza ya mshahara, kama walivyoasi wenzao wa Tanganyika na Kenya katika mwezi huo huo. Serikali iliwaita wanajeshi wa Uingereza kutuliza maasi, lakini mishahara ikaongezwa. Wanasiasa walijifunza somo baya kutokana na tukio hilo: kwamba mwenye rafiki kambini ana nguvu kuliko mwenye kura Bungeni. Inafaa kusema ukweli bila kumpendelea mtu. Waliotafuta marafiki kambini walikuwa wa pande zote mbili. Obote alimtegemea Kanali Idi Amin. Wapinzani wake ndani ya serikali walimtazamia mkuu wa jeshi, Brigadia Shaban Opolot. Jeshi la nchi moja likaanza kuhesabiwa kama mali ya mabwana wawili.

Mambo yalipasuka tarehe 4 Februari, 1966. Siku hiyo mbunge wa Kabaka Yekka, Bwana Daudi Ocheng, alileta hoja Bungeni kwamba Kanali Amin asimamishwe kazi wakati fedha zilizoingia katika akaunti yake ya benki zinachunguzwa. Madai yalikuwa kwamba fedha hizo zilitokana na dhahabu na pembe za ndovu za Kongo, na kwamba Waziri Mkuu mwenyewe na baadhi ya mawaziri walihusika. Obote alikuwa safarini kaskazini mwa nchi. Hoja ilipita, kati ya wabunge wote waliokuwapo, Kakonge peke yake ndiye aliyeipinga.

Hoja yenyewe haikumhukumu mtu. Ilitaka ofisa akae pembeni mpaka ukweli ujulikane, jambo ambalo kila askari analifahamu katika kanuni za kazi yake. Na tume ya uchunguzi iliundwa kweli, ikiongozwa na jaji. Hata hivyo Obote aliiona hoja hiyo kuwa ni njama ya kumpindua.

Tarehe 22 Februari, 1966, Baraza la Mawaziri likiwa kikaoni Entebbe, askari waliingia na kuwachukua mawaziri watano: Ibingira, Balaki Kirya, Dakta Emmanuel Lumu, Mathias Ngobi na George Magezi. Mara baada ya hapo Kanali Amin, aliyetakiwa na Bunge asimamishwe kazi, alikabidhiwa uongozi wa jeshi. Tarehe 24 Februari Katiba ya mwaka 1962 ikasimamishwa. Miezi mitatu baadaye majeshi yaliyoongozwa na Amin yaliishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo.

Sehemu ya kisa hiki isiyosimuliwa mara nyingi ni ile ya mahakamani. Ibingira na wenzake walikuwa wamezuiliwa kwa sheria ya kuhamisha watu, iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Walikata rufani hadi Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, nayo ikaamua kwamba sheria hiyo inapingana na haki ya uhuru wa mtu iliyomo katika Katiba. Wakashinda. Wakarudishwa Buganda, ambako hali ya hatari ilikuwa imekwisha kutangazwa, wakaachiliwa, na papo hapo wakakamatwa tena kwa kanuni za hali ya hatari. Ofisa aliyewafungulia mlango na ofisa aliyewafunga tena walitumikia serikali ile ile. Amri ya mahakama ilitiiwa kwa maneno na kuvunjwa kwa vitendo.

Walikaa kizuizini karibu miaka mitano. Katika muda wote huo hawakufikishwa mbele ya hakimu kujibu shtaka la uhaini. Aliyewafungulia, mwezi Januari 1971, alikuwa Amin, ambaye alikuwa ametoka kuipindua serikali ya Obote. Ibingira akakubali kuwa balozi wa Uganda katika Umoja wa Mataifa. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, na lawama hiyo ina uzito: alikuwa Bungeni siku madai dhidi ya mtu huyo yaliposomwa. Lakini mtu aliyetoka kifungoni baada ya miaka mitano hupima mambo kwa mizani yake. Baadaye alijitenga na utawala huo, na mwaka 1980 akachapisha kitabu juu ya misukosuko ya Afrika baada ya uhuru.

Mbunge mwenzake wa Ankole hakupata bahati hiyo. Bwana Basil Bataringaya alikuwa kiongozi wa upinzani Bungeni mpaka alipohamia UPC mwishoni mwa mwaka 1964, akaja kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mkuu wa kisiasa wa polisi wote wa Uganda. Mwaka 1972 aliuawa kikatili na askari wa Amin. Na katika kambi ya Mbarara kwenyewe, mwaka 1971, wanajeshi wa Kiacholi na Kilangi walichinjwa na wenzao waliovaa sare moja nao. Wale waliofundishwa kwamba bunduki yaweza kumwondoa waziri katika kiti chake hawakuona ajabu kuielekeza kwa askari aliyelala kitanda cha pili.

Katiba ya sasa ya Uganda ilitangazwa tarehe 8 Oktoba, 1995. Ibara ya 208 inasema jeshi halitafungamana na upande wowote wa siasa, na kwamba litakuwa chini ya mamlaka ya kiraia. Ibara ya 23 inaagiza kwamba mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 48. Ibara hiyo haikusema mwananchi; ilisema mtu. Kwa polisi wa zamu kule Misiera, ndani ya Nakivale, tofauti hiyo si ndogo. Mkongo au Mrundi anayeletwa kituoni usiku hana kura katika uchaguzi wa Uganda, wala mbunge aliyemchagua wa kumpigia simu, na huenda hana hata jamaa ajuaye njia ya kwenda kwa wakili. Saa hizo 48 ni zake kama zilivyo za waziri.

Ibingira alifariki mwezi Desemba mwaka huo huo wa 1995, miezi miwili baada ya Katiba hiyo kutangazwa.