Kabla ya Safari ya Somalia, Nyumba Nayo Ijiandae

Kila kikosi kinapopewa amri ya kwenda kulinda amani Somalia, katika mitaa yetu huwapo nyumba zinazoagana na mtu wao kwa mara ya kwanza. Uganda ndiyo iliyotangulia kupeleka wanajeshi katika misheni ya Umoja wa Afrika nchini humo, mwezi Machi 2007. Misheni hiyo iliitwa AMISOM hadi mwaka 2022, ikawa ATMIS, na tangu mwanzo wa 2025 inaitwa AUSSOM. Polisi wetu nao wametumikia huko. Jina limebadilika mara mbili, lakini wasiwasi wa anayebaki mlangoni akipunga mkono ni uleule.

Askari mwenyewe hutayarishwa. Vikosi vya jeshi hupitia kituo cha mafunzo cha Singo, wilayani Nakaseke, wakafundishwa sheria za vita, ulinzi wa raia na namna ya kujihadhari na mabomu ya kutegwa barabarani. Anayebaki nyumbani hana Singo yake. Nasi tunaamini kwamba jambo lililoachwa bila kukamilishwa nyumbani humfuata askari hadi kwenye handaki. Anayelinda zamu huku akiwaza kiwanja chake kimeuzwa au mtoto amefukuzwa shule kwa kukosa karo, hulinda kwa nusu ya akili yake. Kwa hiyo tunaeleza hapa yale ambayo familia inapaswa kuyamaliza kabla ya siku ya kuondoka.

Fedha na mali

Posho ya misheni haimfikii askari moja kwa moja. Hutoka kwa wafadhili, hupitia Umoja wa Afrika na serikali, na imewahi kuchelewa kwa miezi. Familia na ipange maisha yake kwa mshahara wa kawaida, na wala isikope kwa kutegemea posho ambayo bado haijaonekana. Ikifika, sehemu yake iwekwe akiba. Wanajeshi wana chama chao cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Mtu anaweza kuagiza kiasi fulani kikatwe na kuwekwa kila mwezi kabla hajakigusa.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inakataza kuuza ardhi ambayo familia inaishi juu yake au inaitegemea kwa chakula pasipo idhini ya mume au mke. Hata hivyo, tumeona mara nyingi kwamba mgogoro huanza mwenye mali anapokuwa mbali, na jamaa akajitokeza kudai kwamba alipewa ruhusa kwa mdomo. Dawa yake ni maandishi. Hati za ardhi zihifadhiwe mahali panapojulikana na watu wawili. Anayepewa mamlaka ya kusimamia mali apewe hati ya uwakilishi iliyotiwa sahihi mbele ya wakili. Wosia nao uandikwe. Kuandika wosia si kujitabiria kifo. Ni kuwaepusha watoto na ugomvi wa wakubwa.

Jina la kuarifiwa kwanza

Liko jambo dogo ambalo wengi hulisahau. Askari anapoandikishwa huulizwa jina la mtu wa kuarifiwa iwapo lolote litamfika. Kijana wa miaka ishirini huandika jina la mama yake. Miaka kumi baadaye ameoa, ana watoto, mama amehamia kijiji kingine na namba ya simu imebadilika, lakini kumbukumbu za jeshi zimebaki vilevile. Mke wa namna hiyo atakuwa wa mwisho kupata habari. Kabla ya kuondoka, askari aombe kuona jina na namba zilizoandikwa, azirekebishe, kisha awaambie wote wawili, mke na mama, alichoandika.

Afya

Mbali na chanjo na kinga ya malaria, tunakumbusha tukio la Mogadishu la mwaka 2009 na 2010. Zaidi ya askari 200 wa AMISOM waliugua, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na baadhi yao wakafariki. Wachunguzi waligundua kwamba ulikuwa ugonjwa wa beriberi, unaotokana na upungufu wa vitamini B1 katika chakula. Funzo lake ni kwamba katika misheni si risasi pekee inayoua. Askari akisema kwenye simu kwamba miguu inamvimba au anachoka bila sababu, asiambiwe avumilie kiume. Ahimizwe kwenda kwa daktari wa kikosi siku hiyohiyo.

Heshima kwa wenyeji

Somalia ni nchi ya Waislamu. Atakayefika huko na aujue mwezi wa Ramadhani, ajue kutokula hadharani mchana wa mwezi huo, na asiwapige picha wanawake. Kiswahili nacho hakitakuwa kigeni kila mahali: mjini Barawa, katika pwani ya Shabelle ya Chini, wapo wenyeji wanaozungumza Chimwini, ambayo ni lahaja ya Kiswahili. Salamu njema hufungua midomo, na raia aliyeheshimiwa ndiye anayeonya juu ya bomu lililofukiwa barabarani.

Habari na uvumi

Tarehe 26 Mei 2023 kambi ya wanajeshi wetu huko Buulo Mareer ilishambuliwa na Al-Shabaab. Idadi ya waliouawa, askari 54, ilitangazwa na Rais siku kadhaa baadaye. Siku za kungoja namna hiyo ni ndefu mno kwa familia, na uvumi huzifanya ndefu zaidi. Kwa hiyo tunawasihi majirani: usimpelekee mke wa askari picha au jina uliloliona kwenye simu. Habari ya msiba huletwa na maofisa waliotumwa na kikosi, si na kundi la WhatsApp. Kama umesikia jambo, nenda ukae naye, umsaidie watoto, lakini usitangaze usilolijua.

Familia nayo izuie ulimi. Msimuulize askari kwa simu yuko kambi gani, wako wangapi, au msafara utaondoka lini. Msisambaze picha alizotuma. Akinyamaza wiki nzima, si lazima pawe na ubaya. Huenda mtandao haupo au simu zimezuiwa.

Tena kuna matapeli. Hupiga simu wakidai kwamba mumeo amejeruhiwa na fedha zinahitajika upesi, au kwamba kwa malipo kidogo kijana wako ataingizwa katika orodha ya safari. Kata simu, usitume fedha kwa simu, kisha njoo kituoni. Hakuna nafasi ya misheni inayonunuliwa kihalali, na matibabu ya askari kazini hayagharimiwi na mkewe.

Siku ya kurudi

Maandalizi hayaishii uwanja wa ndege. Anayerudi hukuta watoto wamekua na mke amezoea kuamua mambo peke yake. Asimnyang'anye mamlaka hayo kwa siku moja, wayazungumze polepole. Akikosa usingizi, akishtuka kwa mlio mdogo au akizidisha pombe, hiyo si aibu wala uchawi. Ni jeraha lisiloonekana, na hospitali za vikosi zinalitambua.

Wenyeviti wa vijiji, wa LC ya kwanza, tunawaomba mzijue nyumba hizi na mzipitie mara kwa mara. Nasi katika vituo, ofisa wa uhusiano wa jamii yupo kwa ajili ya kuwasikiliza. Aliyekwenda kulinda mlango wa jirani anastahili kuona kwamba nasi tumelinda wa kwake.