Je, Wajua? Mwami mtoto aliyefia Katanga

Je, wajua kwamba Yuhi Musinga, mwami (mfalme) wa Rwanda, alivuta pumzi yake ya mwisho katika Katanga yetu? Alikalishwa kwenye kiti cha enzi akiwa na umri wa miaka 13 hivi. Akakaa juu yake karibu miaka 35, na muda wote huo kulikuwa na mwingine aliyetaka kumtawalia.

Je, wajua kiti hicho kilipatikana kwa damu? Baba yake, Kigeli Rwabugiri, alikuwa mpiganaji aliyeteka hadi kisiwa cha Ijwi, katika Ziwa Kivu. Alipofariki mwaka 1895, ufalme ulikuwa wa mwanawe Rutarindwa. Huyo alikuwa amefiwa na mama, kwa hiyo mke mwingine wa mfalme, Kanjogera, akapewa cheo cha mama wa mwami. Mama wa kambo si mama: Kanjogera alikuwa na Musinga, mtoto wa tumbo lake. Mwaka 1896, huko Rucunshu, yeye na kaka zake walimpindua Rutarindwa, naye akafa motoni ndani ya nyumba yake.

Je, wajua Wajerumani walimwamkia mwami asiye mwami? Kapteni Hans von Ramsay alipofika mwaka 1897, wakubwa wa baraza walimficha mtoto na kumtanguliza mtu mzima, Mpamarugamba. Mwaka uliofuata wakamjaribia mchezo uleule Richard Kandt, yule aliyekuja kuanzisha Kigali mwaka 1907. Kandt akaanza kushuku: alikuwa amesikia kwamba mfalme bado ni kijana.

Je, wajua nani aliamua mambo? Ni Kanjogera na kaka zake, Kabare na Ruhinankiko. Hata wajomba hao wawili waligombana, kila mmoja akitaka kuwa karibu zaidi na sikio la mpwa wao.

Je, wajua Musinga alijua Kiswahili? Ndiyo lugha ambayo Wajerumani waliitumia katika utawala wao, naye akajifunza kuisoma na kuiandika.

Je, wajua ilikuwaje Ijwi ikawa ya Kongo? Mwaka 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walikutana Brussels kugawana mipaka. Kisiwa alichokiteka Rwabugiri kwa mikuki kikapotea kwa wino, na mwanawe hakuwapo mezani.

Je, wajua mtu wa Elisabethville alihusika Wabelgiji walipowanyang'anya Wajerumani Rwanda? Jenerali Charles Tombeur, aliyeongoza askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, walioingia Rwanda mwaka 1916, aliwahi kuitawala Katanga akiwa hapa mjini, Lubumbashi ya leo.

Je, wajua Wabelgiji walimvua mamlaka kipande kwa kipande? Mwaka 1917 walimnyang'anya haki ya kuhukumu mtu afe. Mwaka 1925 walimhamishia Burundi Gashamura, mkuu wa matambiko yake, na sherehe ya mavuno ya kwanza ikapigwa marufuku. Ila jambo moja halikuwezekana: kumbatiza. Mtoto aliyekuwa akisukumwa na kila mtu, katika utu uzima wake aliwakatalia Wabelgiji na mapadri.

Je, wajua ukaidi huo ulimgharimu nini? Tarehe 12 Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa, wakamweka mwanawe Rudahigwa. Musinga na mama yake wakapelekwa Kamembe, kusini mwa Ziwa Kivu. Mwaka 1940 akavushwa hadi Moba, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wakati huo ikiitwa Baudouinville. Mji huo ulianzishwa na Mapadri Weupe, watu wa shirika lilelile aliloligomea Rwanda. Ulikuwa ndani ya Katanga. Tangu mkoa ugawanywe mwaka 2015, uko katika jimbo la Tanganyika.

Je, wajua maji ya ubatizo yalifika nyumbani mwake hata hivyo? Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, baba yake angali uhamishoni Moba. Musinga alifariki mwaka uliofuata, bila kuiona tena Rwanda.