Betri Inaishia Wapi? Kigeuzi Kidogo Ndani ya Vipimo vya Shamba na vya Mto



Mimi niko na lisansi ya agronomia, si ya elektroniki. Lakini leo nasema juu ya kitu cha elektroniki, sababu kinatuhusu sisi watu wa udongo na maji. Wengi wanaoandaa TFC ao memwari wanataka kuweka kihisi, ile tunaitaka kapteri, kwenye shamba la mpunga huko bonde la Ruzizi, ao kipimo cha maji pembeni ya mto. Swali la kwanza wanalouliza ni bei. Lakini swali linaloua kazi ni lingine: betri itadumu siku ngapi?

Hapa Uvira tunajua uzito wa swali hilo. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika, watu wengi wakafa, maelfu ya nyumba zikabomoka. Kipimo cha maji kilichowekwa kule juu milimani, mahali hakuna waya wa umeme, kikizimika usiku wa mvua kubwa ni sawa na hakipo.

Sasa, umeme wa betri unaishia wapi?

Unyevu wa udongo na kimo cha maji ni vitu vinavyopanda na kushuka polepole, bila ngazi. Kihisi kinavigeuza kuwa volti. Kompyuta ndogo haielewi volti, inaelewa namba tu. Katikati yao iko kigeuzi cha analogi kuwa dijitali. Vitabu vya Kifaransa vinakiita CAN, vya Kiingereza ADC.

Namna yake inayopatikana sana kwenye vifaa vyetu inafanya kazi sawa na mama anayepima ndagala kwa mizani ya vitanga viwili. Anaanza na jiwe kubwa. Likizidi, analitoa, lisipozidi, analiacha. Halafu jiwe la nusu yake, halafu nusu ya nusu. Kigeuzi cha biti 10 kiko na mawe 10: 512, 256, 128, hadi 1. Kwa maulizo 10 kinapata jibu moja kati ya 1024. Iko namna nyingine ya haraka zaidi, inayolinganisha yote kwa mara moja, lakini kwa biti 10 inahitaji vilinganishi 1023. Ni kama kuajiri watu 1023 kwa kazi ya mtu mmoja mwenye subira. Kwa hiyo akiba ya kwanza ni hii: kama hauna haraka, chagua mwenye subira.

Akiba ya pili iko kwenye volti. Yale “mawe” ndani ya kigeuzi ni kapasita, yaani vindoo vidogo vya chaji. Nishati ya kuvijaza inafuata mraba wa volti. Ukipunguza volti kwa nusu, nishati inabaki robo. Tena, ukijaza kapasita kwa hatua ndogondogo kuliko kwa pigo moja, unapoteza kidogo zaidi njiani. Mwaka 2008 Michiel van Elzakker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walitumia mbinu hiyo ya hatua. Walionyesha kigeuzi cha biti 10 kinachopima mara milioni 1 kwa sekunde kwa maikrowati 1.9 tu.

Akiba ya tatu njo yetu wana agronomia: idadi ya biti. Mwanafunzi anaona kigeuzi cha biti 16 na anafikiri ni bora kuliko cha biti 10. Si lazima. Kapasita yenyewe iko na kelele ya joto. Ili kuongeza biti moja ya kweli, pale kelele hiyo njo kikomo, unahitaji kapasita kubwa mara 4, na nishati inapanda karibu mara 4. Unaongeza kwa faida gani? Biti 10 zinagawa unyevu wa 0 hadi 100 kwa vipande vya karibu 0.1. Chimba mashimo mawili kwenye shamba moja, mita moja toka lingine: tofauti ya unyevu inaweza kupita kipande hicho mara nyingi. Biti za ziada zitapima kelele, na betri italipa.

Akiba ya nne inapita zote: usingizi. Tufanye hesabu kwa betri ya miliampea-saa 2000.

- Ubao wa Arduino Uno ukiwashwa bila kulala unakula karibu miliampea 45. Betri inaisha kwa saa 44, hata siku mbili hazifiki.
- Kifaa kinachoamka kila dakika 15, kinafanya kazi sekunde 1 kwa miliampea 10, halafu kinalala kwa maikroampea 5, wastani wake ni karibu miliampea 0.016. Kwenye karatasi ni miaka 14. Betri yenyewe itazeeka mbele.
- Kifaa kile kile, lakini kigeuzi hakikuzimwa kabla ya kulala. Kwenye chipu ya ATmega328P, kigeuzi kilichowashwa kinabaki kimewaka hata chipu ikilala, na kinaweza kula kama robo ya miliampea. Miaka 14 inashuka hadi miezi 10.

Mstari mmoja wa programu! Na kihisi nacho ukizime kati ya vipimo. Kile cha vyuma viwili vinavyochomekwa kwenye udongo, ukikiachia umeme mfululizo, kinakula betri na vyuma vinaoza haraka.

Kazi hii haiko ya Ulaya tu. Mradi wa WIMEA-ICT uliunganisha Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norwe. Walitengeneza vituo vya hali ya hewa vya bei nafuu, vyenye vihisi kwenye vifaa vidogo vinavyotumiana habari kwa redio. Matumizi madogo ya umeme yalikuwa kati ya mambo waliyoyapigania tangu kwenye mchoro.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeandaa kazi yako, mbele ya kununua chochote andika majibu matatu: ninapima kitu gani, kinabadilika kwa haraka gani, na tofauti ndogo kabisa inayobadilisha uamuzi wa mkulima ni ipi? Unyevu wa mpunga unaweza kungoja saa moja. Mto unaoshuka toka milimani hauwezi: huo upimwe kila dakika chache, na mara nyingi zaidi mvua ikianza. Mhandisi hawezi kujua hayo peke yake. Akikosa majibu yetu, atachagua haraka kubwa na biti nyingi “kwa usalama”, na usalama huo njo utamaliza betri.

Wenzetu wa elektroniki, mko wapi? Semeni kwenye maoni chini. Na wewe wa agronomia, kifaa chako kinapima kila baada ya dakika ngapi, na kwa sababu gani?