Asilimia 30 ya dunia ihifadhiwe: Mbona vijana wanauliza 'ardhi ya nani'?

Desemba 2022, nchi zilikubaliana mjini Montreal, Canada, kuhifadhi angalau asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030. Habari njema kwa wanyama na mimea, sivyo? Ndiyo, lakini vijana wengi wa uhifadhi Afrika wana swali: hiyo ardhi ni ya nani, na nani atafaidika?

Si kwamba wanapinga hifadhi. Julai mwaka huohuo vijana walikuwa na kikao chao Kigali, kabla ya kongamano la kwanza la Afrika la maeneo yaliyohifadhiwa, wakitaka washirikishwe kwenye maamuzi na fedha.

Rwanda yenyewe ni mfano mzuri. Kumwona sokwe wa milimani katika Hifadhi ya Volcanoes, mtalii kutoka nje ya Afrika hulipa dola 1,500. Asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi huenda kwa wananchi wanaoizunguka: shule, maji, zahanati. Inatosha? Muulize mkulima ambaye nyati wameshukia viazi vyake usiku. Kwake, hifadhi ni jirani anayekula bila kubisha hodi.

Makubaliano ya Montreal yanataka haki za jamii za wenyeji ziheshimiwe, na lengo namba 22 linawataja vijana kabisa. Ila nani ataingia kwenye vikao vya hifadhi, na kwa bajeti ipi, hilo kila nchi inajipangia.