Kufuga Zoantidi Nyumbani Chini ya Mlima Meru

Kati ya viumbe vya baharini vinavyofugwa majumbani katika matangi ya kioo, zoantidi husifiwa na wauzaji kuwa ndio wepesi kuliko wote. Ni wanyama wadogo wa ukoo wa matumbawe. Kila mmoja ana shina fupi na kinywa kilichozungukwa na minyiri midogo, nao hukaa kwa makundi juu ya jiwe mithili ya vifungo vya rangi vilivyoshonwa karibu karibu. Hawajengi mifupa ya chokaa kama matumbawe magumu. Chakula chao kikubwa hutoka kwa mwani wa hadubini unaoishi ndani ya miili yao na kutumia mwanga. Kwetu si wageni: mwaka 1900 mtaalamu wa wanyama kutoka Sweden, Oskar Carlgren, aliipa spishi mojawapo jina la Zoanthus sansibaricus, yaani zoantidi wa Zanzibar.

Sifa hiyo ya wepesi haina uongo, lakini ina masharti ambayo muuzaji hayataji, na mengi kati ya hayo humhusu mkazi wa Arusha kuliko mtu mwingine yeyote. Jiji liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Maji yake hutoka katika miamba ya volkano, na usiku wa Julai ni wa baridi. Pamoja na hayo, baadhi ya zoantidi hubeba sumu iliyo miongoni mwa sumu kali kabisa zinazojulikana katika viumbe hai. Anayenunua kiumbe huyu ana haki ya kuyajua hayo kabla ya kutoa fedha.

Tuanze na maji, kwani ndiyo yanayowashinda wengi. Maji yanayopita katika miamba ya Mlima Meru huyeyusha floridi, bikaboneti ya sodiamu na silika. Wakazi wa Arumeru wanaifahamu floridi kwa meno yaliyogeuka rangi ya kahawia, na ni kwa ajili yake kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi kutafuta njia za kuiondoa kwenye maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Vipo visima na chemchemi kuzunguka mlima vyenye kiwango kinachozidi hicho mara kadhaa, na mtaa mmoja unaweza kupata maji tofauti kabisa na mtaa wa jirani kwa kuwa chanzo si kimoja. Kwa hiyo, ushahidi wa rafiki anayeishi Njiro hautoshi kwa mtu wa Sakina. Waulize watoa huduma ya maji wa eneo lako matokeo ya vipimo vya chanzo kinachokuhudumia.

Maji ya bahari yenyewe yana floridi, takriban miligramu 1.3 kwa lita, hivyo mtu anaweza kudhani kwamba kiasi kidogo cha ziada hakina neno. Kosa la hesabu hiyo liko katika uvukizi. Maji yanapopanda hewani kutoka kwenye tangi, madini hayaondoki nayo. Chukua tangi la lita 200 linalopoteza lita 2 kwa siku. Ukilijaza kila siku kwa maji ya bomba yenye miligramu 4 za floridi kwa lita, kwa mwezi utakuwa umemimina lita 60 na kuongeza miligramu 240, sawa na miligramu 1.2 kwa kila lita ya tangi. Katika mwezi mmoja kiwango cha asili cha bahari kinakaribia kuongezeka maradufu, na mwezi wa pili mzigo unaendelea kupanda. Bikaboneti hujilimbikiza kwa njia hiyo hiyo na kuvuruga uwiano wa maji, nayo silika hulisha utando wa kahawia unaoota juu ya kioo na mawe. Mfugaji huona maji maangavu na tangi safi, kumbe kemia imekwisha kuhama.

Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua, floridi hubaki, na kila lita inayosalia huwa na floridi nyingi zaidi. Mkaa wa mifupa, ambao umewasaidia watu wengi kupata maji ya kunywa yenye floridi pungufu, haufai kwa kazi hii: hauondoi bikaboneti, na mifupa yenyewe ina fosfati. Maji ya mvua yana floridi kidogo, ila yakipita juu ya mabati huchukua zinki, na madini ya namna hiyo ni sumu kwa wanyama wasio na uti wa mgongo hata kwa kiasi kidogo. Njia tunayoishauri ni mtambo wa kuchuja kwa utando, unaosukuma maji kwa shinikizo kupitia utando wenye matundu madogo sana, ukitanguliwa na kichujio cha mkaa cha kuondoa klorini. Nunua pamoja nao kipimo kidogo cha umeme kinachoonyesha jumla ya madini yaliyoyeyuka. Maji yanayotoka yasomeke karibu na sifuri. Namba ikianza kupanda, utando au vichujio vimechoka. Pima vilevile maji yaliyochujwa yanayouzwa madukani kwa madumu, maana baadhi ya wauzaji huyarudishia madini ili yapate ladha.

Mtambo huo hutupa lita 3 hadi 4 kwa kila lita 1 safi, na jambo hili huwashtua wengi wanapoona bili. Maji yanayotupwa yanafaa kudekia au kusafishia choo. Hayafai kunywewa wala kupikiwa, na wasipewe mifugo, kwa sababu floridi iliyoondolewa katika lita safi imehamia humo.

Maji yakishakuwa safi hutiwa chumvi maalumu ya matangi ya bahari, si chumvi ya mezani iliyotiwa madini joto, wala chumvi ya mawe inayoletwa kutoka pwani. Hizo mbili karibu zote ni kloridi ya sodiamu, ilhali mnyama anahitaji pia magnesiamu, kalsiamu na madini mengine yaliyomo baharini. Lengo ni gramu 35 za chumvi kwa lita, na uchungu wa maji upimwe kwa kifaa badala ya kuonjwa. Wapo wanaotia magadi ili kupandisha pH. Tafadhali yaache jikoni, kwa sababu magadi yetu nayo huwa na floridi.

Tangi jipya liachwe likizunguka kwa wiki kadhaa kabla ya kuingiza mnyama, hadi bakteria wanaovunja amonia wawe wameenea katika mawe na mchanga. Zoantidi hawahitaji maji yaliyofukarika kabisa. Nitrati na fosfati zikiwa sifuri hunyauka, na zikizidi husongwa na mwani wa nyuzi. Mwanga wa wastani na mkondo wa maji wa wastani vinawatosha. Wakijifunga kwa saa chache si ugonjwa. Wakijifunga kwa siku mbili au tatu mfululizo, pima chumvi na joto kwanza, kisha chunguza usiku kwa tochi kama hakuna konokono wadogo wanaowatafuna. Shina linalorefuka kupita kawaida mara nyingi ni dalili ya mwanga hafifu.

Mwinuko wa jiji nao una gharama yake, ingawa vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani haviutaji. Katika mita 1,400 kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 85 ya ile ya usawa wa bahari, na maji hubeba oksijeni pungufu kwa kadiri hiyo. Mchana mwani huongeza oksijeni. Usiku kila kiumbe ndani ya tangi huitumia. Umeme ukikatika saa nane za usiku na pampu zikasimama, muda wa kuokoa tangi la Arusha ni mfupi kuliko wa tangi la Tanga. Nunua pampu ya hewa inayotumia betri kabla ya kununua taa ya bei kubwa. Hita nayo ni ya lazima hapa, kwa kuwa tangi linatakiwa libaki kati ya nyuzi joto 24 na 27. Kadiria wati 1 kwa kila lita, na zaidi kidogo kama chumba ni cha baridi. Umeme usipokuwepo, funika tangi kwa blanketi pande zote na uelekeze betri kwenye pampu. Hita itaimaliza betri upesi mno.

Sasa sumu. Inaitwa palitoksini. Ilitenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 na Richard Moore na Paul Scheuer, kutoka kwa zoantidi wa Hawaii wa jenasi ya Palythoa. Huvuruga pampu ndogo zilizomo katika utando wa kila seli, zile zinazoingiza potasiamu na kutoa sodiamu, na hadi sasa haina dawa mahususi ya kuizimua. Si kila zoantidi anayo. Walio wengi wa jenasi ya Zoanthus huwa nayo kidogo au hawanayo, na baadhi ya Palythoa huwa nayo kwa wingi. Dukani, hata hivyo, wote huuzwa kwa majina ya kibiashara yasiyosema lolote kuhusu spishi, na macho ya mnunuzi hayawezi kuwatofautisha kwa uhakika. Mchukulie kila zoantidi kuwa ana sumu.

Madhara makubwa majumbani hayatokei kwa kumtazama wala kuishi naye chumba kimoja. Hutokea mtu anapomchemsha, anapolimwagia jiwe maji ya moto, anapolisugua kwa brashi nje ya maji au kulikausha. Joto la jikoni haliiharibu sumu hii. Mvuke na matone huibeba hadi mapafuni. Machi 2018, katika kijiji cha Steventon nchini Uingereza, familia pamoja na wazimamoto waliofika kuisaidia walipelekwa hospitalini baada ya matumbawe ya aina hii kutolewa kwenye tangi la nyumbani. Mtu mmoja alifanya usafi. Walioumia ni nyumba nzima.

Kwa hiyo vaa glavu na miwani ya kinga kila unapomgusa. Usiingize mkono wenye jeraha. Ukitaka kukata kundi, kata ndani ya maji au nje ya nyumba, watoto na wanyama wakiwa mbali. Usichemshe jiwe kamwe, hata kama umeambiwa ndiyo njia ya kuua zoantidi waliozidi. Jiwe unalotaka kulisafisha liloweke uani katika maji yaliyochanganywa na dawa ya klorini ya kufulia, kipimo 1 cha dawa kwa vipimo 9 vya maji, kwa saa kadhaa, na usichanganye dawa hiyo na siki wala tindikali. Ndoo na visu vilivyotumika visirudi jikoni.

Dalili ni ladha chungu au ya chuma mdomoni, ganzi ya midomo, homa na kutetemeka, kikohozi, kifua kubana, maumivu ya misuli na macho kuuma. Huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, na daktari asiyeelezwa anaweza kudhani ni malaria au mafua. Toka nje, wahi hospitali, na useme wazi kwamba umeshika zoantidi. Tunapendekeza neno palitoksini liandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ubavuni mwa tangi, kwa manufaa ya mtu mwingine wa nyumbani atakayelazimika kukusemea.

Kuhusu ununuzi, dai risiti ya EFD inayotaja kiumbe, na uulize alikotoka. Zoantidi waliokuzwa kwa kukatwa kutoka kundi lililofugwa huhimili safari kuliko waliong'olewa baharini. Kuchukua matumbawe katika hifadhi za bahari, ikiwemo ya Mafia, bila kibali ni kosa, na safari ya mapumziko Tanga haikupi ruhusa ya kurudi na jiwe ndani ya ndoo. Zoantidi wenyewe hawamo katika orodha za mkataba wa CITES, lakini matumbawe magumu yamo, na mara nyingi jiwe walilokalia ni la matumbawe hayo. Aliyeingiza kundi kutoka nje ya nchi akiwa na jiwe lake anapaswa kuwa na kibali cha kuonyesha, akikosa, usinunue. Muulize vilevile, mbele ya shahidi ikiwezekana, kama anajua kuhusu sumu. Muuzaji anayekujibu kwamba hakuna hatari yoyote amekupa taarifa isiyo sahihi kuhusu bidhaa. Hilo ni jambo la kulalamikia rasmi: hifadhi risiti, picha ya kundi na tarehe ya mazungumzo.