Rangi ya Jezi na Umbo la Namba: Ubishi wa Wapenzi wa Mpira wa Kikapu Kitale na Bungoma

Katika miji ya Kitale na Bungoma, mazungumzo ya michezo aghalabu huanza na matokeo na kuishia na mavazi. Timu imeshindwa kwa alama ishirini, na mashabiki wake wameketi kibandani wakibishana iwapo jezi ilifaa kuwa ya buluu au ya damu ya mzee, na iwapo namba za mgongoni zilistahili kuwa nene kuliko zilivyokuwa. Wapo wanaoyaona hayo kuwa mambo ya kupotezea wakati. Hata hivyo, anayeusikiliza ubishi huo kwa makini hugundua kwamba wabishi hawazungumzii jambo moja. Jezi ina kazi mbili. Kwanza, humwezesha mtu asiyemjua mchezaji kumtambua uwanjani. Pili, humweleza mtazamaji timu ni ya nani. Namba huitumikia kazi ya kwanza pekee. Rangi huzitumikia zote mbili, na hapo ndipo ugomvi unapochimbuka.

Tuanze na namba, maana habari yake ni nyepesi zaidi. Mwenye neno la mwisho kuhusu namba si shabiki wala mfadhili, bali ni mwamuzi. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA, zinataka namba ya mgongoni iwe na kimo kisichopungua sentimita 20, ya kifuani kisichopungua sentimita 10, na mstari wa tarakimu uwe na upana usiopungua sentimita 2. Rangi ya namba sharti ipingane waziwazi na rangi ya jezi. Hadi mwaka 2014, mashindano ya FIBA yaliruhusu namba 4 hadi 15 tu, na wazee wa mchezo huu bado huzitamka kwa mazoea. Kisa chake ni vidole. Mwamuzi akiinua kidole kimoja, viwili au vitatu, huenda anaashiria alama zilizofungwa. Ikiwa namba 1, 2 na 3 zingevaliwa pia, meza ya waandishi ingechanganyikiwa. Baada ya mabadiliko hayo, wachezaji walikubaliwa kuvaa 0, 00 na 1 hadi 99, naye mwamuzi akalazimika kuonyesha tarakimu moja baada ya nyingine: makumi kwa upande wa nyuma wa mkono, kisha mamoja kwa kiganja. Vyuo vya Marekani vilikuwa na kanuni kali zaidi. Hadi mwaka 2023, wachezaji wa huko walikatazwa tarakimu yoyote iliyozidi 5, kwa kuwa mkono mmoja una vidole vitano.

Kutokana na hayo, mwandiko wa namba, au fonti kama wasemavyo wenye maduka ya kuchapa jezi, hauwezi kuamuliwa kwa kigezo cha urembo peke yake. Namba zinazopendwa na wengi ni zile za pembe zilizokatwa, zisizo na mviringo wowote. Watu huziita za Kimarekani, na ni kweli zilienezwa na timu za huko. Lakini fundi yeyote wa cherehani anaweza kueleza ubora wake bila kwenda Marekani: mstari ulionyooka hukatwa kwa makasi kwa urahisi, ilhali mviringo humsumbua. Kasoro yake ni kwamba 8 hukaribiana mno na 6 na 3, hususan jezi inapokunjamana kiunoni au jasho linapoigandisha mgongoni. Mwandiko wa mviringo huzitenganisha tarakimu hizo vyema zaidi, mradi matundu yake yaachwe wazi. Kuhusu ukingo wa rangi ya pili unaozungushiwa namba, ambao vijana huupenda sana, ukweli ni kwamba hupendeza kwa karibu. Kwa mbali hujichanganya na namba yenyewe na kuinenepesha hata isisomeke. Anayeketi kwenye nyasi upande wa pili wa uwanja wa shule, jua la saa kumi na moja likimpiga usoni, hana haja na ukingo.

Suala la rangi ni gumu zaidi, na ugumu wake wa kwanza ni wa lugha. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vinavyotaja rangi na kuchukua viambishi vya upatanisho: -eusi, -eupe na -ekundu. Jezi huwa nyeusi, nyeupe au nyekundu. Rangi nyingine nyingi hutajwa kwa kuazima jina la kitu chenye rangi hiyo: kijani kutokana na jani, manjano kutokana na kiungo cha mchuzi, kahawia kutokana na kahawa, zambarau kutokana na tunda, kijivu kutokana na jivu. Wataalamu Berlin na Kay, katika utafiti wao wa mwaka 1969, walidai kuwa lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo matatu: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nadharia yao imepingwa kwa mengi, ila katika vivumishi vya Kiswahili mpangilio huo unaonekana dhahiri. Lakini upungufu wa vivumishi si upungufu wa rangi. Wapokoti, jirani wa Kitale upande wa kaskazini, huwataja ng'ombe wao kwa majina yanayobainisha rangi pamoja na mpangilio wa mabaka na milia, kwa umakini ambao mchora jezi wa kisasa angeuonea gere.

Tatizo hujitokeza pale timu inapoagiza jezi. Neno buluu, lililotoka katika Kiingereza, hubeba kila kitu tangu anga la asubuhi hadi sweta la shule linalokaribia weusi. Samawati, lenye asili ya Kiarabu na maana ya mbingu, lingefaa kubaki na buluu nyepesi. Nili lingefaa kuchukua ile iliyokoza. Maneno haya yamo kamusini, lakini katika duka la jezi hayatumiki, na matokeo yake ni seti mbili za timu moja zisizofanana. Kinyume chake, damu ya mzee ni jina lisilomkosesha mtu. Mkenya aliyepita shule anaijua rangi hiyo bila kuonyeshwa kitambaa. Laiti rangi zote zingepata majina yenye picha kali kiasi hicho! Wakati wa Sauti ya Kenya, idhaa ambayo tangu mwaka 1989 inaitwa KBC, watangazaji wa Kiswahili waliwaonyesha wasikilizaji uwanja mzima kwa maneno matupu. Shabiki wa Webuye au Kiminini aliijua rangi ya timu yake kwa sikio kabla ya kuiona kwa jicho.

Wala isidhaniwe kuwa mkanganyiko huu ni wa Kiswahili pekee. Jezi za zambarau na manjano za Los Angeles Lakers, ambazo hupatikana kwenye mitumba karibu kila siku ya soko, zilianza kuvaliwa mwaka 1967 chini ya mmiliki Jack Kent Cooke. Bwana huyo hakulipenda jina la zambarau, akaagiza rangi hiyo iitwe buluu ya Forum, kwa jina la ukumbi wake. Kila mwenye macho aliona zambarau.

Ugumu wa pili ni wa historia, na ndio unaowatia watu joto. Huku magharibi mwa Kenya, rangi mbili zilikwisha kuchukuliwa na mpira wa miguu kabla ya klabu nyingi za kikapu kuzaliwa. Buluu na nyeupe ni za AFC Leopards, iliyoundwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya United. Kijani ni cha Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968 na kupewa jina la mganga mashuhuri wa masimulizi ya Waluo. Mwaka 1980, serikali ilipotaka vilabu viache majina ya kikabila, Abaluhya wakawa All Footballers Confederation Leopards. Herufi AFC zilibaki vilevile. Mashabiki nao wakaendelea kuiita Ingwe, yaani chui kwa Kiluhya. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo: hakuna chui wa buluu. Jezi haimwigi mnyama aliye kwenye jina, na hakuna shabiki anayelalamika, kwa sababu kazi ya rangi hiyo haikuwa kumchora mnyama. Ilikuwa kuwaeleza watu kwamba hawa ni wao, hata baada ya jina kukatazwa kusema hivyo.

Kwa hiyo timu ya kikapu ya Bungoma ikivaa buluu, hakuna anayeuliza. Ikivaa kijani, itaulizwa imehamia lini. Kitale ni hadithi nyingine. Mji huo ulikuwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa, ilhali Bungoma ulikuwa katika Mkoa wa Magharibi, na mitaani mwake huishi Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu, Waluo na wengineo. Buluu inayowakaribisha baadhi yao huwafanya wengine wajione wageni. Siasa nayo imezidi kulifinya jambo. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, waliopinga rasimu ya katiba walipewa alama ya chungwa, walioiunga mkono wakapewa ndizi. Chungwa likageuka kuwa chama, na baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliifikia Trans Nzoia, kuvaa rangi hiyo hakukuwa tena suala la mavazi. Tarehe 4 Agosti 2010, kijani kilikuwa ndiyo na nyekundu ikawa la. Mwaka 2022, manjano yalikuwa ya UDA. Anayetafuta rangi isiyo na mwenyewe hubakiwa na chache sana. Inashangaza kwamba hata rangi ya mpira wenyewe wa kikapu, ambayo ni ya chungwa, iliwahi kuwa kura.

Baadhi ya vijana hujaribu kuukwepa mtego huu kwa kuiga jezi za ng'ambo: nyekundu ya Chicago Bulls, au hiyo zambarau ya Lakers, pamoja na mwandiko wake wa namba. Hoja yao ina nguvu, kwani rangi ya mgeni haina ukoo. Wazee huwajibu kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na hoja hiyo nayo ina nguvu. Mwaka 2025, Nairobi City Thunder ilipokuwa timu ya kwanza kutoka Kenya kucheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, watazamaji wengi wa bara hili walikuwa wakiiona klabu ya Kenya kwa mara ya kwanza. Klabu inayofika hapo imevaa rangi za Chicago humwacha mtazamaji akiifikiria Chicago.

Yapo makubaliano ambayo kanuni yenyewe imeyatoa bila kukusudia. FIBA huitaka kila timu iwe na angalau seti mbili za jezi, moja ya rangi nyepesi na nyingine iliyokoza, na timu inayotajwa kwanza katika ratiba huvaa ile nyepesi, ikiwezekana nyeupe. Nyeupe haikuwahi kuwa ya chama wala ya Ingwe peke yake, na namba yoyote iliyokoza husomeka juu yake hata kwa mwandiko mbovu. Ndiyo sababu seti ya kwanza huagizwa bila ugomvi, na kikao kizima huteketea kwa seti ya pili. Wanaopinga nyeupe ni wale wanaozifua, kwa kuwa viwanja vingi vya Kitale na Bungoma viko nje, vimezungukwa na udongo mwekundu, na baada ya mvua mbili tatu jezi huwa na rangi ambayo hakuna aliyeipigia kura.