Ardhi Iliyoshindiliwa: Jinsi Tulivyochagua Dawa ya Uwanja Wetu

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze ile kazi ya kutoboa uwanja wa mpira, ambayo wazazi wengi waliiona walipokuja shuleni mwezi wa Aprili wakauliza kama tumepewa adhabu. Haikuwa adhabu, ilikuwa matibabu, na mgonjwa alikuwa ardhi yenyewe. Nitaeleza tangu mwanzo, pamoja na kosa nililolifanya mimi mwenyewe, maana kosa lile lilinifundisha kuliko mengine yote.

Mwezi wa Februari, katika mashindano ya mabweni, mlinda mlango wetu aliruka kuuzuia mpira akaangukia mkono. Mahali pale langoni hapakuwa na jani hata moja. Palikuwa pagumu kama sakafu. Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika, naye akafungwa plasta wiki sita. Mimi ni kiranja wa michezo, na uwanja u chini ya uangalizi wangu. Kila nilipomwona darasani akijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, niliona aibu.

Nilimwendea mwalimu wetu wa kilimo nikamwambia, "Shikamoo, mwalimu. Naomba sururu ishirini, tulime pale langoni." Akaniitikia, kisha akasema, "Wewe umekwisha andika dawa, na ugonjwa bado hujaupima."

Basi tukapima. Kwanza tulilowesha sehemu mbili kwa maji mengi, moja langoni na nyingine chini ya mwembe ambako watu hawapiti, tukaziacha hadi kesho yake. Kisha tulichukua kipande cha nondo nyembamba tukakisukuma ardhini kwa mkono. Chini ya mwembe kilizama sentimita 20. Langoni kilikwama kwenye sentimita 3. Halafu tulichukua kopo la maziwa lililokatwa pande zote mbili, tukalididimiza kidogo katika udongo na kulijaza maji. Chini ya mwembe maji yalikwisha kwa dakika chache. Langoni, kengele ya kipindi cha pili ililia na maji bado yangalimo.

Sababu yake ni hii. Udongo mzuri si kitu kizima kama jiwe. Karibu nusu yake ni vitundu, na ndani ya vitundu hivyo hukaa hewa na maji. Mizizi ya majani nayo huvuta pumzi; ikikosa hewa hudhoofika. Watu wakipita mahali pamoja kila siku, vitundu vikubwa ndivyo vinavyobanwa kwanza, na hivyo ndivyo vinavyopitisha maji na hewa. Udongo wa mfinyanzi ulio na maji hubanwa upesi zaidi kuliko ulio mkavu. Miguu ya watu hushindilia hasa tabaka la juu, yaani sentimita 10 hivi. Magari mazito hushindilia chini zaidi.

Katika mkutano wa wazazi mzee mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, sisi tutachanga. Lori moja la mchanga limwagwe pale, mambo yaishe." Mwalimu akamjibu, "Ahsante sana, mzee wangu. Lakini lori hilo litapita juu ya uwanja ili lifike langoni, na litashindilia kuliko wachezaji wote wa mwaka mzima. Tena mchanga kidogo ukichanganywa na mfinyanzi, mfinyanzi haulainiki. Twaweza kupata kitu kigumu kama tofali." Mzee alicheka, akasema basi fedha zake zitafutiwe kazi nyingine. Mtaona baadaye zilikwenda wapi.

Sasa nitazitaja njia tulizozifikiria, moja moja.

Njia ya kwanza ni kulima pote kwa sururu au jembe. Yafaa ikiwa ardhi imeshindiliwa hadi chini sana, au uwanja una mabonde na vilima. Walakini majani yote hupotea, na udongo uliolimwa hushuka tena kwa mvua na kwa miguu kabla ukoka haujashika. Kwetu sisi ugumu ulikuwa wa juu tu, kwa hiyo tuliiacha.

Njia ya pili ni viatu vyenye misumari, ambavyo mtu huvaa akatembea. Huonekana rahisi, lakini msumari hufungua tundu jembamba, na papo hapo uzito wa mtu hushindilia pembeni. Faida ni ndogo.

Njia ya tatu ni dawa za maji. Mwenzetu mmoja alishauri tumwage maji ya sabuni. Sabuni yaweza kuyasaidia maji kulowesha udongo unaoyakataa, lakini haiwezi kufungua vitundu vilivyokwisha bonyezwa. Kadhalika jasi husifiwa sana. Yasaidia katika udongo wenye magadi mengi, na kwa ugumu uliotokana na miguu tu haifai kitu.

Njia ya nne ni uma wa bustani. Unauchoma wima sentimita 10, kisha unauyumbisha mpini mbele na nyuma ili udongo uinuke na kupasuka. Gharama yake ni ndogo. Ubaya wake ni kwamba meno hayatoi udongo, huusukuma kando tu, na asiyeyumbisha mpini hufanya kazi ya bure.

Njia ya tano ni mirija mitupu, inayotoa vipande vya udongo vya mviringo kama vidole. Kwa kuwa udongo hutoka kabisa, ule uliobaki hupata nafasi ya kulegea. Hii ndiyo njia bora kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, lakini kifaa chake hakikuwapo dukani kwetu. Hapo ndipo fedha za mzee zilipofanya kazi. Fundi wa kuchomelea alikata vipande viwili vya bomba la chuma la nusu inchi, akavinoa ncha, akatoboa dirisha ubavuni mwa kila kimoja ili udongo utoke, kisha akaviunga kwenye chuma chenye mpini na mahali pa kukanyagia.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Katikati ya mwezi wa Machi mvua za masika zilianza kwa nguvu. Mimi, kwa pupa, niliwachukua wavulana thelathini kesho yake asubuhi, matope yakiwa bado yanateleza, tukatoboa kwa uma. Tulifurahi kwa kuwa meno yalizama bila taabu. Baada ya jua la wiki moja, kuta za matundu yale zilikuwa zimekauka na kulainika kama chungu kilichopigwa msasa, maji hayakupita. Na mahali tulipokuwa tukisimama palikuwa pagumu kuliko awali. Wenzangu walijichosha bure kwa ajili yangu. Haraka haraka haina baraka.

Mwalimu hakunikaripia. Aliokota udongo, akaufinyanga kiganjani. "Ukijikunja kama unga wa chapati na kung'aa, ngoja. Ukiwa mkavu hata chuma hakiingii, ngoja pia. Ukishikamana, kisha ukavunjika unapougusa kwa kidole, hiyo ndiyo siku yako." Siku yenyewe ilikuja mwezi wa Aprili, ukoka ukiwa unakua kwa nguvu na kuweza kuziba majeraha yake.

Tulifanya hesabu kwanza. Matundu yakiwa kila sentimita 10, mita moja ya eneo huhitaji matundu 100. Uwanja wetu una urefu wa mita 100 na upana wa mita 64, yaani matundu 640,000. Hiyo ni ndoto. Lakini eneo dogo la lango lina mita za eneo zipatazo 100, yaani matundu 10,000. Kwa kifaa chenye mirija miwili ni mara 5,000, na wanafunzi 40 wakipokezana, kila mmoja hukanyaga mara 125. Kazi hiyo yawezekana.

Nusu moja tuliifanya kwa mirija na nusu ya pili kwa uma, tukaacha ukanda mmoja bila kuuguswa ili tulinganishe. Vipande vilivyotoka tuliviacha vikauke, tukavivunja kwa reki, tukasambaza mboji iliyochekechwa, kisha tukapanda vipande vya ukoka. Mwisho wa Mei tulipima tena, pote siku moja. Katika ukanda ulioachwa nondo ilizama sentimita 4, penye uma 7, penye mirija 10. Ukoka umefunika penye mirija. Penye uma bado una mapengo. Kwa hiyo mwenye uma peke yake asikate tamaa, na mwenye uwezo wa kupata mirija aichague hiyo.

Lakini matundu peke yake yasingetosha. Tulipoketi kutazama uwanja asubuhi moja, tuliona kwamba njia ya mkato ya kwenda bwaloni inapita langoni hasa. Sisi wenyewe, mara tatu kwa siku, ndio tulioutengeneza ugonjwa ule. Sasa njia imezibwa kwa ua wa miti, na mazoezi ya kupiga penalti hufanywa pembeni, kwa magoli ya miti yanayohamishwa.

Mlinda mlango wetu amefunguliwa plasta. Hajarudi langoni bado, kwa maana ukoka haujakomaa nasi tumeahidi kutoukanyaga hadi muhula ujao. Juzi alikuja nami, akainama, akaubonyeza udongo kwa mkono ule ule uliovunjika. Akasema, "Hapa sasa naweza kuanguka."

Nawaomba ndugu zangu wote, mtakaporudi likizoni, mpite njia ya kuzunguka. Ni hatua sitini tu; nimezihesabu.

Kiranja wa Michezo,
Kidato cha Tatu